Barazani kwa Mwalimu: Gurudumu la Bwana Orffyreus



Ndugu wasomaji, Ijumaa moja ya mwezi uliopita, tulipokuwa tukivaa viatu baada ya sala, alinijia kijana mmoja wa jumuiya yetu, baba wa watoto watatu, akanishika mkono akanivuta kando. "Shikamoo, Mwalimu. Nina jambo nataka uniangalizie." Akatoa simu akanionyesha picha ya gurudumu linalozunguka juu ya meza pasipo kuguswa, na chini yake maelezo ya watu wanaouza mashine ya umeme isiyotaka mafuta, wala jua, wala upepo. Anayetaka kuingia katika hisa atoe kwanza pauni 1,500. Siri ya mashine ataelezwa baadaye. Fedha hizo kijana alikuwa nazo. Alikuwa amezidunduliza muda mrefu ili awapeleke wanawe nyumbani wakamwone bibi yao.

Sikutaka kumjibu kwa neno moja. Niliwahi kufanya hivyo zamani, nilipokuwa nikifundisha fizikia. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniletea daftari lenye mchoro wa gurudumu la namna hiyohiyo, lenye vijiwe vilivyoning'inizwa pembeni, nami nikamwambia, "Haiwezekani, kaa chini." Akakaa. Nilichomwambia kilikuwa kweli, lakini hakikuwa jibu, na sikumbuki kama aliwahi kuniletea mchoro mwingine. Basi nilimwomba yule kijana anipe muda, nikaahidi nitaandika hapa ili wengine nao wasome. Kisa nitakachokisimulia ni cha Ujerumani, na kimepita miaka mia tatu na ziada, lakini gurudumu lililoko ndani yake lilitazamwa na watu wenye akili kuliko mimi na wewe, na baadhi yao waliondoka wakiwa wamesadiki.

Mwenye gurudumu aliitwa Johann Bessler, mzaliwa wa Saxony mnamo mwaka 1680, mtu aliyejua ufundi wa saa na mambo ya tiba. Alipenda kuitwa Orffyreus. Watoto watalifurahia jina hilo: ziandike herufi 26 za Kilatini katika duara, kisha badala ya kila herufi ya jina Bessler weka ile inayoikabili upande wa pili. B itakupa O, E itakupa R, S itakupa F, na ukifika mwisho utapata Orffyre. Mkia wa Kilatini akautia mwenyewe. Mtu huyu, tangu jina lake, alikuwa mtu wa mafumbo.

Mwaka 1712 alionyesha gurudumu lake la kwanza katika mji wa Gera, dogo, lenye kipenyo kama cha mita moja. Mwaka uliofuata akaonyesha jingine kubwa zaidi huko Draschwitz, na la tatu Merseburg mwaka 1715. La nne, lililo mashuhuri kuliko yote, alilijenga katika jumba la Weissenstein karibu na Kassel, chini ya ulinzi wa Karl, mtawala wa Hesse-Kassel, ambaye alimpa cheo na makazi. Gurudumu hilo lilikuwa na kipenyo cha futi 12 na unene wa inchi 14, mhimili wake wa mbao umekalia ncha mbili za chuma nyembamba, na mwili wote umefunikwa kwa kitambaa kilichotiwa mafuta ili asiyehusika asione ndani. Ukilisukuma kidogo kwa vidole, lilianza kuzunguka taratibu, likaongeza mwendo lenyewe hadi mizunguko 25 au 26 kwa dakika, likaendelea hivyo. Waliosimama karibu walisikia ndani yake kama vitu vinane vizito vikianguka polepole katika kila mzunguko, upande ule gurudumu linakoelekea.

Mlio huo ndio uliowapa watu dokezo. Wazo la gurudumu linalosukumwa na uzito wake lenyewe ni la zamani sana. Mtaalamu wa hesabu wa Bara Hindi, Bhaskara, alilieleza mnamo mwaka 1150: gurudumu lenye mikono iliyopinda, yenye uwazi ndani uliotiwa zebaki nusu. Katika hati za Kiarabu za karne za kati nako kumechorwa magurudumu ya aina hiyo, na katika karne ya 13 Mfaransa Villard de Honnecourt akachora lake lenye nyundo. Nia ya wote ni moja: vitu vizito vinaposhuka vijitupe mbali na mhimili, na vinapopanda vijikunje karibu nao, ili upande wa kushuka uwe mzito daima na gurudumu lisipate kutulia.

Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipostahili jibu. Chora gurudumu hilo kwa uangalifu, kisha uhesabu vipande vya kila upande. Utaona kwamba upande wa kushuka, vipande vikiwa mbali, ni vichache. Na upande wa kupanda, vikiwa karibu, vimesongamana vingi. Ni kama mizani ya dukani: mkono mrefu wenye kilo moja unalingana na mkono mfupi wenye kilo mbili. Gurudumu litapepesuka, litatafuta mahali pake pa kutulia, litasimama. Na hata ukibuni mpangilio mwingine wowote wa nyenzo na kamba, hesabu haibadiliki, kwa sababu kila jiwe linaloshuka mita moja na kutaka kurudi lilikotoka, lazima mtu au kitu kilipandishe mita ileile. Alichokupa mvutano wa ardhi wakati wa kushuka, anakudai chote wakati wa kupanda, na msuguano unachukua ushuru wake njiani.

Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba gurudumu la Orffyreus halikuzungushwa na vile vipande vinane. Swali linalobaki ni tamu zaidi: lilizungushwa na nini?

Tuwape haki yao waliolipima. Huko Merseburg, tarehe 31 Oktoba 1715, mbele ya mashahidi wenye vyeo, gurudumu lilinyanyua kwa kamba na kapi sanduku la matofali lenye uzito wa ratili 70, yaani karibu kilo 32, na likahamishwa kutoka nguzo zake likawekwa juu ya nguzo nyingine, likazunguka tena. Huko Kassel, tarehe 12 Novemba 1717, chumba lilimokuwamo kilifungwa milango na madirisha, kikatiwa mihuri. Baada ya wiki mbili kikafunguliwa, gurudumu linazunguka. Kikafungwa tena kwa mihuri mpaka tarehe 4 Januari 1718, kikafunguliwa, bado linazunguka. Jumla yake husemwa ni siku 54. Mwanafalsafa Leibniz alikuwa ameliona gurudumu la Draschwitz mwaka 1714, akaona ni jambo lenye thamani. Mwaka 1721 profesa wa Leiden, Willem 's Gravesande, aliyekuwa mfuasi wa Newton, aliliangalia lile la Kassel, akazichunguza ncha za mhimili na mahali zinapokaa, asione kamba wala chuma kinachotoka nje, akamwandikia Newton barua kumweleza.

Msomaji akilisikia hili huona ushahidi umekuwa mlima. Mimi naomba tuutenganishe, maana ni vilima viwili vilivyosogezwa pamoja vikaonekana kimoja.

Kilima cha kwanza ni majaribio mafupi yaliyofanyika mbele ya macho. Kunyanyua kilo 32, tuseme kwa mita 5, kunahitaji nishati ya jouli 1,570 hivi, ambayo ni ileile anayoitumia mtu wa kilo 80 kupanda ngazi kumi na mbili. Si kitu kikubwa. Gurudumu zito linalozunguka tayari limebeba sehemu ya nishati hiyo katika mwendo wake, na iliyobaki fundi wa saa anajua pa kuiweka: katika springi za chuma zilizokazwa usiku, zikafunikwa kwa kitambaa. Springi hazijali nguzo gani zimewekwa chini. Zitalianzisha gurudumu, zitanyanyua sanduku mara kadhaa, na mwenye mashine atajua wakati wa kusema, "Waheshimiwa, imetosha."

Kilima cha pili ni zile siku 54. Hapo springi hazifai kabisa. Nimekaa na kalamu nikakadiria: gurudumu lenye uzito wa kilo 300, ncha za chuma zenye unene wa robo tatu ya inchi zilizopakwa mafuta, mizunguko 26 kwa dakika, msuguano wa kwenye ncha peke yake unakula wati 8 hivi. Ni kidogo, kama taa ya chooni. Lakini wati 8 kwa siku 54 usiku na mchana ni zaidi ya yuniti 10 za umeme. Ukitaka kuweka nishati hiyo katika jiwe la kilo 100, itakubidi ulinyanyue hadi kimo cha kilomita 38, zaidi ya mara sita ya Mlima Kilimanjaro. Hakuna saa, wala springi, wala jiwe la kufichwa ndani ya gurudumu la futi 12 litakalobeba hayo.

Basi je, tumshikie Orffyreus kofia? Hapana. Rudi uangalie tena jaribio lenyewe. Katika siku hizo 54, ni nani aliyeliona gurudumu likizunguka? Lilionekana siku ya kufunga, likaonekana siku ya kufungua, likafungwa, likaonekana tena siku ya mwisho. Siku nyingine zote shahidi alikuwa nta ya muhuri. Na nta hushuhudia jambo moja tu, kwamba mlango haukufunguliwa. Haishuhudii kilichokuwa kikifanyika nyuma ya ukuta wala chini ya sakafu, na haishuhudii kwamba gurudumu lilizunguka usiku wa manane ambapo hapakuwa na mtu. Kama palikuwa na njia ya kulisukuma kutoka chumba cha jirani, ilitosha kuanza kazi saa moja kabla mtawala hajaja na ufunguo wake.

Je, njia hiyo ilikuwapo? Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye wataalamu hawakutaka kumsikiliza.

Tarehe 28 Novemba 1727, Anne Rosine Mauersberger, aliyekuwa mtumishi wa nyumba ya Orffyreus, alitoa ushahidi wake. Alisema gurudumu lilizungushwa kwa mkono: mara na bwana mwenyewe, mara na mkewe, mara na ndugu yake Gottfried, na mara na yeye mtumishi. Alisema nguzo zilikuwa zimetobolewa ndani, na ndani yake mmepitishwa chuma kirefu chembamba kilichoshikamana na ncha ya mhimili, na kwamba kazi ya kuzungusha ilifanywa kutoka chumba cha kulala cha bwana. Alisema pia kwamba aliapishwa kiapo kizito asifungue mdomo.

Profesa 's Gravesande alipopata habari hizo hakutikisika. Jawabu lake, kwa ufupi, ni kwamba maneno ya mjakazi kuhusu mambo ya mashine hayana uzito kwake, na kwamba yeye mwenyewe alizichunguza ncha za mhimili asione kitu. Alikuwa tayari kumwona Orffyreus kuwa mwenye wazimu, lakini si laghai.

Nimelifikiri jawabu hili mara nyingi, na kila mara linaniudhi. Profesa alikuwa mtu mwaminifu, tena si mjinga. Mwaka 1722 alitoa insha ya kutetea kwamba mwendo wa daima hauwezi kukataliwa. Na katika miaka hiyohiyo alidondosha mipira ya shaba juu ya udongo mlaini akapima mashimo, akagundua kwamba mpira wenye mwendo maradufu huchimba shimo la mara nne, ugunduzi uliosaidia kutufikisha kwenye elimu ya nishati ninayoitumia leo kumpinga. Lakini Anne Rosine hakuulizwa habari za nyenzo na mvutano. Aliulizwa mikono yake ilifanya nini. Katika jambo hilo hapakuwa na profesa Ulaya nzima aliyejua kuliko yeye. Sisi tuliosoma fikihi kidogo tunafundishwa kwamba shahidi hutoa alichokiona na alichokitenda, na kadhi hamtaki awe mwanachuoni. Profesa aliona ncha ya mhimili siku aliyoruhusiwa kuiona, kwa muda alioruhusiwa. Mjakazi alilala katika nyumba ile.

Sisemi ushahidi wake hauna shaka. Alikuwa ameachana na bwana wake, na mtu aliyeudhiwa huongeza chumvi. Wala chuma ndani ya nguzo hakielezi namna gurudumu la Merseburg lilivyozunguka juu ya nguzo nyingine. Ndiyo maana nimezirudisha springi kwa majaribio mafupi. Dhana yangu ni kwamba Orffyreus alikuwa na hila mbili, kila moja kwa kazi yake, na watazamaji wakachukua nguvu za hii na uvumilivu wa ile wakaviweka katika mashine moja ambayo haikuwapo.

Limebaki fumbo la mtawala Karl. Yeye aliruhusiwa kuona ndani ya gurudumu, na imeandikwa kwamba alisema ni jambo jepesi hata mtoto wa seremala angeweza kulitengeneza akishaliona. Hakuwa na faida ya kusema uongo. Nami naamini alisema kweli. Alionyeshwa vipande vizito juu ya nyenzo za mbao, vikianguka kimoja baada ya kingine, akaona ndivyo vinavyolizungusha, kama ambavyo mtu akiuona mshale wa saa ukizunguka aweza kudhani ndio unaoiendesha. Vilikuwa vimewekwa pale vionekane na visikike. Maseremala wengi wamejaribu tangu hapo, na hawajapata gurudumu moja linalozunguka.

Sasa tuje kwenye bei, maana hiyo ndiyo iliyomleta yule kijana kwangu. Orffyreus alitaka taleri 100,000. Taleri ni wa ukoo mmoja na reale ya Maria Theresa iliyopita mikononi mwa babu zetu Unguja na Maskati, kwa hiyo mnaweza kukisia ni mali ya namna gani. Sharti lake lilikuwa fedha kwanza, siri baadaye. Wanunuzi wakataka siri kwanza, fedha baadaye. Peter Mkuu wa Urusi alilitamani gurudumu, akafa mwaka 1725 kabla ya kuliona. Fakihi yeyote angeumaliza mjadala asubuhi moja: hii ni biashara ya gharari, sawa na kuuza samaki aliye bado baharini. Mwenyewe hakuwa na haja ya kutia shaka uaminifu wa muuzaji. Ilitosha kuuliza kitu kiko wapi.

Na muuzaji alipofikiwa karibu mno, alifanya nini? Baada ya 's Gravesande kuchunguza mhimili mwaka 1721, Orffyreus alilivunja gurudumu lake kwa mikono yake, akalalamika kwamba profesa alitaka kumwibia siri bila ya kulipa. Hakuwahi tena kuonyesha gurudumu lililopimwa na mtu wa cheo kama hicho. Alikufa mwaka 1745 kwa kuanguka kutoka kwenye kinu alichokuwa akikijenga Fürstenberg, nacho kilikuwa kinu cha upepo.

Yule kijana alikuja nyumbani Jumapili nikamsomea haya yote yakiwa bado ni rasimu. Alicheka pale penye taa ya chooni, asicheke kwingine. Mwisho akaniuliza, "Sasa, Mwalimu, niwaambie nini? Wananipigia kila siku." Nilimshauri asibishane nao habari za fizikia. Awaandikie kwa adabu kwamba fedha ipo, na kwamba ana ombi moja: waiache mashine nyumbani kwake siku saba, juu ya meza yake, katika chumba atakachokichagua yeye, naye atakaa na mkewe kwa zamu, mmoja akilala mwingine ameitazama.

Aliwaandikia jioni ileile. Mpaka ninapopeleka ukurasa huu kwa mhariri hawajajibu ombi lake. Wamemtumia picha nyingine za gurudumu, safari hii pamoja na muziki, na wameshusha kiingilio hadi pauni 1,200.

Mwezi ujao, inshaallah, nitalijibu swali la mama mmoja anayeuliza kwa nini huku kaskazini Isha na Alfajiri hukaribiana hivi wakati wa kiangazi. Mwenye swali jingine aliandike kwa mwandiko unaosomeka, ampe mhariri.

Wassalaam.